Namba Arobaini na Moja

8 Machi 1998

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kila mwenye mdomo humu ndani. Mama hajambo, ila magoti yake ndiyo yenye jambo. Shemeji yako bado anachomelea mageti ya watu. Jioni anarudi na macho mekundu, anaapa kwamba alivaa miwani. Mimi mzima. Ningekuwa si mzima ningepata wapi nguvu ya kukuandikia?

Karakanani tunashona sare za shule tatu kwa mpigo. Nimehamisha meza yangu ya kukatia, sasa iko ukutani, mbali na dirisha. Jua likinipata mashavu yanawaka, na kesho yake vidole vinakaza nashindwa kushika mkasi. Wenzangu wanadhani najitenga kwa kuwa najiona bosi. Nimewaacha wadhani, maana kazi zinakwenda haraka zaidi.

Sasa lililonikalisha chini niandike. Daktari wa kliniki yetu amenitia kwenye utafiti wa sisi wenye lupus. Kila baada ya miezi miwili tunatolewa damu, inatiwa kwenye boksi la barafu na kusafirishwa. Nikauliza inakwenda maabara gani, akataja ya kwenu. Nilicheka mpaka muuguzi akaukosa mshipa. Kwa hiyo, Bwana Chupa, damu ya dada yako inakuja kukutembelea, kwa kuwa wewe huku hukanyagi. Chupa yangu imeandikwa 41. Ukikutana nayo iamkie.

Kuna na hili, ila Mama asilisikie kwako. Nilimwuliza daktari habari za mtoto. Akasema ugonjwa ukilala kabisa mpaka mwisho wa mwaka, ataturuhusu tujaribu. Nina miaka thelathini na sita. Mwisho wa mwaka nitakuwa na thelathini na saba. Hesabu hiyo haihitaji mashine zenu.

Dada yako


29 Machi 1998

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimeacha kucheka. Huku sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, kwa hiyo hata mimi jua halinipati. Mwambie Mama ile dawa ya kuchua nitaituma na mtu.

Dada, namba ile hukupaswa kuniambia. Nisikilize kwanza kabla hujaniita hakimu. Unajua lupus ni kinga ya mwili iliyogeuka kumpiga mwenye mwili. Ikianza fujo inaacha alama kwenye damu. Kuna kingamwili zinazopanda, na kuna protini moja, sisi tunaiita C3, inayoshuka kwa sababu inatumika vitani. Utafiti huu unauliza kama alama hizo huonekana kabla mgonjwa mwenyewe hajahisi chochote. Ili tusijidanganye, daktari wenu haonyeshwi majibu yetu mpaka mwaka uishe. Yeye anaandika anavyowaona ninyi, sisi tunaandika tunavyoiona damu, mwisho vitabu viwili vinawekwa pamoja. Na sisi hatupewi majina. Tumetia saini.

Maboksi yanafika Alhamisi. Ninazungusha chupa kwenye mashine mpaka damu inajitenga, nanyonya yale maji ya juu ya rangi ya chai ya rangi iliyopauka, nayagawa kwenye vichupa, naandika. Mkuu wetu wa maabara ni mama mmoja asiyepandisha sauti, na ndiyo maana tunamwogopa. Akijua kwamba kuna namba moja ninayoijua mwenyewe, kazi yangu itakuwa na mjadala.

Nimechukua kalamu nyeusi nikaufuta ule mstari wako mpaka karatasi ikatoboka. Kichwani haukufutika.

Kuhusu mtoto, nimefurahi na nimeogopa kwa kiasi kilekile. Wewe fuata dawa.

Mdogo wako


24 Mei 1998

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kuchelewa kwangu. Sare zilitumeza. Kuna shule moja imeagiza suruali mia mbili halafu ikakumbuka kwamba watoto wamekua, tukaanza upya. Mama dawa imemfaa, juzi alitembea mpaka kwa jirani kwenda kugombana, akarudi mwenyewe. Shemeji yako anakusalimu. Mimi mzima.

Sijakasirika kwa mahubiri yako. Saini ni saini. Basi tusiongee habari za damu, niongee za watu.

Kliniki tunakaa kwenye benchi refu tunasubiri kuitwa, na tangu Machi jirani yangu ni binti mmoja mwalimu wa watoto wadogo. Mimi namwita Mwalimu, yeye ananiita Fundi. Ana miaka ishirini na minne, na ugonjwa huu ameujua mwaka juzi tu. Anakuja na furushi la madaftari anasahihisha palepale. Safari hii swali lilikuwa: taja kazi moja ya damu. Mtoto mmoja ameandika, "Kutoka." Tulicheka mpaka tukanyamazishwa. Mwalimu alimpa nusu alama, akasema mtoto ameandika alichokiona. Uso wake umesafika, viungo haviumi, anasema tangu augue hajawahi kujisikia hivi.

Katika ile barua fupi uliyoituma pamoja na dawa ya Mama, umeuliza habari za dawa zangu mara nne. Nimezihesabu. Nina daktari mmoja, ananitosha. Wewe niulize habari za cherehani.

Dada yako


2 Julai 1998

Dada, shikamoo.

Natumaini wote hamjambo. Huku tupo. Mwezi mzima tulikaa bila kemikali za kupimia, zimefika juma lililopita, na sasa tunapima vya Mei vyote kwa pamoja.

Nimekuota. Sikumbuki vizuri ndoto yenyewe, ila nimeamka na maswali. Asubuhi viatu vyako vinaingia kama kawaida? Ukiamka kope zimevimba? Ukienda haja ndogo, mkojo unatoa povu linalokaa? Hata kama hakuna hata kimoja, nenda ukapimwe mkojo. Usingoje siku ya kliniki kama iko mbali.

Usiniulize kwa nini. Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Mdogo wako


19 Julai 1998

Dada,

Shikamoo. Siku kumi na saba, hakuna neno. Nimepiga simu karakanani mara mbili. Mara ya kwanza yule mwenzako alisema umetoka kupeleka mzigo. Mara ya pili alisema hivyohivyo, lakini nyuma ya sauti yake nilisikia cherehani na kicheko ninachokijua tangu utotoni. Kama unanikwepa, basi nitaandika wazi, na barua hii ukishaisoma ichome.

Nimeitazama 41. Nilijiambia sitaitazama, nikaitazama. Machi ilikuwa imetulia vizuri. Ya Mei, C3 imeshuka karibu nusu na kingamwili zimepanda mara tatu. Nilidhani nimekosea, nikapima tena kwa mkono wangu. Boksi la Julai limefika Alhamisi, nikaitoa 41 nikaiweka mbele ya foleni, jambo ambalo halifanywi. Imeshuka zaidi.

Kuna watu wana damu mbaya miaka nenda rudi na hawaugui, hilo nalijua. Lakini inayoshuka namna hii, kwa kasi hii, mara nyingi inaelekea kwenye figo, na figo haziumi zinapoanza kuharibika. Unaweza kuwa unacheka karakanani na zinakwenda. Daktari wako haonyeshwi karatasi hii mpaka Desemba. Nakuonyesha mimi. Nimevunja saini yangu na najua nilichokifanya.

Nenda kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo hakuna fundi wa kuujenga.

Mdogo wako


27 Julai 1998

Mdogo wangu,

Leo salamu zitangoja.

Mimi si 41. Sijawahi kuwa 41.

Nimekulea tangu una miaka minne. Nilikuwa nikikwambia usifunue sufuria, nageuza shingo, kifuniko kiko mkononi mwako. Nilijua nisipokutajia namba utaitafuta kwa tarehe na kwa jina la kliniki mpaka uipate. Basi nikaona nikupe namba ya kuchezea, uitazame hiyo, uniache mimi. Sikutaka unitazame. Sababu zake tuziache. Nilitaja namba ya kwanza iliyonijia, na iliyonijia ni ile niliyokuwa nimeiona kwenye chupa ya jirani yangu wa benchi.

Ni Mwalimu, mdogo wangu.

Barua yako ya ndoto niliipata tarehe 8. Huoti wewe, unalala kama gunia, kwa hiyo nilielewa palepale umeona nini na umekiona kwa nani. Kesho yake, tarehe 9, ilikuwa kliniki. Nikakaa na Mwalimu bega kwa bega saa tatu nzima, naitazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili. Alisema viatu vimeanza kumbana, labda kwa kusimama darasani. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha siku hiyo, tukaambiwa tutapimwa Septemba. Nikanyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya kazi yako. Hiyo ni kweli, na pia si kweli yote, kwa sababu nikisema hili ningetakiwa kueleza kwa nini nilikudanganya.

Barua yako ya pili ilinitoa usingizini. Ijumaa nilimfuata shuleni. Nikamwambia akapimwe mkojo mahali pengine, asingoje. Akasema, "Fundi, mbona mimi mzima kuliko wewe. Umeambiwa na nani?" Nikasema nimeota. Uongo wako na mimi nikautumia.

Hatanisikia mimi fundi cherehani. Anatakiwa aitwe na daktari, na wa kumwambia daktari si mimi. Ni wewe uliyeisoma. Najua ninachokuomba.

Dada yako


5 Agosti 1998

Dada,

Shikamoo. Nilikasirika, na bado nimekasirika, lakini hilo nitaliandika chini kidogo.

Kwanza nikwambie aibu yangu. Niliposoma "mimi si 41" nilishukuru. Nilikuwa kwenye chumba cha majokofu, nikaegemea mlango nikashukuru kwa sauti. Baada ya hapo ndipo nikaendelea kusoma nikafika kwa Mwalimu. Nimeishi na ile namba wiki tano sipati usingizi, na ilipogeuka kuwa ya mtu mwingine nilifurahi. Damu ni ileile, figo ni zilezile. Sijipendi kwa hilo.

Nilimfuata Mkuu ofisini, nikamweleza yote tangu barua yako ya Machi. Hakunikatiza. Alipoona nimemaliza akauliza, "Na angekuwa dada yako kweli, ungekuja kuniambia?"

Nikasema hapana. Ningemwambia yeye tu.

Akasema, "Basi ndiyo maana huwezi kuendelea kukaa kwenye ile meza." Hakusema kwa hasira. Akavuta simu, akampigia daktari wenu mimi nikiwa nimesimama palepale, akamwambia 41 aitwe leo.

Kazi sijafukuzwa. Nimepewa onyo la maandishi na nimehamishiwa meza ya choo na mkojo, ambako hakuna siri ya mtu kuitamani. Namba zote za kliniki yenu zimebadilishwa. Na watu wa utafiti wamekaa kikao, wamekubaliana kwamba damu yoyote ikishuka kupita kiwango fulani, daktari apigiwe simu, utafiti uharibike usiharibike. Mkuu alisema lilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, na kwamba yeye mwenyewe alitia saini bila kuuliza.

Sasa hasira. Hujaniambia uliogopa nione nini. Nimekuandikia barua ya kunitoa kazini nikidhani unakufa, na wewe unaandika "sababu zake tuziache". Siziachi. Kwenye damu yako kuna nini ambacho hukutaka nikione?

Mdogo wako


30 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakusalimu, hajui lolote, anauliza mbona barua zako siku hizi ninazisomea chooni. Shemeji yako aliungua mkono kidogo, umepona. Karakanani tumemaliza suruali.

Mwalimu alilazwa siku ileile aliyoitwa. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Walichukua kipande kidogo cha figo kwa sindano, wakakuta zimevimba lakini bado hazijawa na makovu. Anapewa dawa kali kwa dripu, mara moja kwa mwezi, na vidonge kumi na viwili kila asubuhi. Uso umejaa kama maandazi, anasema mwenyewe. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba wangengoja Septemba wangekuwa wanaongea maneno mengine.

Nilimweleza. Sikutaka abaki anadhani nilimwotea. Nilimwambia kwamba tarehe 9 nilikuwa najua, nikakaa naye nikamtazama miguu. Alinigeuzia mgongo akatazama ukuta. Nikakaa tu, sikuwa na mahali pa kwenda. Akasema bila kugeuka, "Fundi, madaftari yangu yako kwa mwalimu mkuu. Niletee." Sijui kama huo ni msamaha au ni kazi tu. Nimempelekea, na ninampelekea mengine kila Jumamosi.

Wewe hukumjua, na ulipojua kwamba si mimi ulikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Hukunyamaza. Nimekulea vizuri kuliko nilivyojilea.

Swali lako nimeliona.

Dada yako


11 Oktoba 1998

Mdogo wangu,

Salamu. Safari hii mimi si mzima, kwa hiyo sitaandika kwamba ni mzima.

Alhamisi nimeitwa. Simu ilipigwa karakanani, yule mwenzangu akaanza kusema nimetoka kupeleka mzigo, mazoea mabaya, nikamnyang'anya mkono wa simu. Ni damu ya Septemba. C3 imeshuka. Si kama ya Mwalimu, ila imepita ile alama yenu. Ule utaratibu mpya ulioulipia kwa kuhamishiwa meza ya choo, wa kwanza kuitwa nao ni mimi.

Sasa nakujibu. Mwezi wa nne niliacha vidonge vya asubuhi, vile vichungu. Kuna mteja wangu aliniambia vinaharibu mimba, na mimi tangu barua ile ya Machi nilikuwa nimeshaamua kwamba mwisho wa mwaka siungoji. Kila mwezi niliona ni mwezi uliopotea. Shemeji yako nilimwambia daktari ameruhusu. Niliogopa damu itanisema, na kwamba wewe ndiye utakayeisoma. Wengine wote niliweza kuwadanganya wakiwa wamenikalia mbele.

Nina ujauzito wa wiki kumi na moja.

Nilimwambia daktari yote, nimevaa koti langu kwa sababu nilidhani atanifukuza. Alivua miwani akaifuta. Akasema vile vidonge vichungu ndivyo vilivyokuwa vinamlinda mtoto kuliko kitu kingine, na mimi ndivyo nilivyoviacha. Nimerudishiwa, nimeongezewa vingine, napimwa damu na mkojo kila wiki mbili. Figo mpaka sasa ni safi. Amesema kama angengoja mpaka Desemba kama ilivyopangwa, asingeweza kuniahidi mtoto wala mama yake. Hata sasa haahidi. Anasema tuna nafasi.

Siku mbili nilikukasirikia. Nilisema moyoni, angenyamaza huko nami ningekuwa bado sijui, bado nina furaha yangu. Siku ya tatu nilimpelekea Mwalimu madaftari, akaniona ninavyoshika tumbo akajua. Alisogea kitandani nikapata pa kukaa.

Mama amejua, nimemwambia mwenyewe. Alininunia mpaka chakula cha jioni, kisha akasema, "Mficha uchi hazai," akanipakulia mara mbili. Shemeji yako bado hasemi nami vizuri. Ana haki.

Dada yako


20 Oktoba 1998

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikiwa na glavu mikononi, nikaichafua, samahani. Kwanza hongera. Naona hakuna aliyekupa hongera katika hao wote, kwa hiyo naanza mimi.

Sina hasira tena. Niliitafuta nikaikosa. Yaliyopita si ndwele.

Mkuu aliniita juzi akauliza kama nataka kurudi kwenye meza ya damu mwakani. Nikamwambia nina dada kliniki ile, mjamzito, na sijiamini nikikaa kwenye kile kiti nikiwa na chupa yake mkononi. Akasema ni jibu zuri. Nimebaki kwenye mikojo. Meza hii haina foleni ya likizo, kwa hiyo Desemba nitakuja, nitakaa mwezi mzima, mtanichoka.

Mpaka hapo sitakuuliza namba za damu yako. Nitakuuliza haya machache kila wiki, nawe utanijibu, na utakachojibu nitakiamini.

Umelala? Umekula? Vidonge vya asubuhi umemeza vyote? Viatu vinaingia? Kipimo cha mkojo cha mwisho kilisemaje? Shemeji anaongea? Unaogopa?

Mdogo wako


29 Oktoba 1998

Mdogo wangu,

Nimelala kwa saa tano, nikaamka, nikalala tena kwa saa mbili.

Nimekula asubuhi nikatapika. Mchana nimekula ikakaa.

Vidonge vya asubuhi nimemeza vyote. Jumanne nilisahau kimoja, nikakimeza mchana, nikamwambia daktari.

Kiatu cha kulia kinaingia. Cha kushoto kinaingia kwa kusukuma, na kilikuwa hakisukumwi. Nilikwenda kliniki siku ileile bila kungoja. Mkojo una protini kidogo, alama moja. Daktari hajashtuka, lakini ameandika kwa muda mrefu. Narudi Jumatatu.

Shemeji yako amenitengenezea kigoda cha kuwekea miguu karakanani. Haongei, lakini amekipiga msasa.

Naogopa. Naogopa tangu Machi, na sijamwambia mtu.

Uliza tena wiki ijayo.

Dada yako